Kaye ya Délice: Franga Zilizozidi

Tulimwacha Délice amesimama katikati ya uwanja wa Mama Marie-Rose, pale Kilibula, sakoshi yake imepinduliwa juu ya mkeka na franga zake zimemwagika mbele ya wanawake ishirini na wawili. Kama gazeti la wiki iliyopita jirani yako alilifungia ndakala, dagaa wetu wa ziwa, kabla hujalisoma, pole sana. Nitakueleza mbio mbio, kisha twende.

Kisanduku cha kikundi cha akiba cha Tuinuke kimefunguliwa Jumapili hii baada ya ibada, na kimepungua. Wanawake hawa wana desturi moja: kila wanapokifunga, wote hukariri jumla kwa sauti ili isisahaulike. Jumapili iliyopita walikariri elfu mia nane na kumi na mbili. Leo zimehesabiwa mara tatu, na mara zote tatu ni elfu mia saba sitini na nane na mia tano.

Zimepungua elfu arobaini na tatu na mia tano.

Noella, msusi anayegombania vichwa vya mtaa huu na Délice, alidai watu wapekuliwe, na aanze Délice, kwa kuwa anashika ufunguo mmoja kati ya mbili za kufuli za kisanduku. Délice akajibu kwa maringo: "Pekueni! Franga yangu yote iko mu kaye. Hata mia moja haipotee."

Kaye, daftari lake la matumizi, ikafunguliwa. Ikasema sakoshi ina elfu kumi na nane na mia mbili. Sakoshi ikahesabiwa. Ilikuwa na elfu sitini na moja na mia saba.

Kabla hujatafuta kalamu, nikuambie kwamba Mama Domitille alishamaliza hesabu. Mama huyu anauza unga wa muhogo sokoni, hajui kusoma hata jina lake, lakini kwa kujumlisha hajawahi kushindwa na mtu.

"Zimezidi elfu arobaini na tatu na mia tano," alisema polepole. "Sawasawa na zenye zimepotea."

Wanawake wakageukiana.

"Mwizi mwenye kuandika!" Noella alipiga makofi. "Minye tangu kuzaliwa sijaona!"

"Minye sikuiba!" Délice alilia. "Sijue hizi franga zinatoka wapi!"

"Weye mwenye kujua hata mandazi ya mia mbili, hii ya arobaini na tatu njo haujue?"

Délice aliitazama kaye yake. Na hapo ndipo roho ilipomuuma zaidi: kama asingeandika kaye, nani angejua sakoshi yake ilipaswa kuwa na kiasi gani? Angesema ni pesa za kusuka, na mambo yangeisha. Kaye aliyojisifia nayo siku zote ndiyo iliyomkamata shati.

Na alikuwa na mengi ya kupoteza. Délice anasukia watu barazani kwa mama yake, pesa inaingia kila siku, lakini mwisho wa mwezi alikuwa akishika mfuko mtupu. Aliomba kikundi mkopo wa elfu mia nne akodi mlango wake mwenyewe kando ya barabara kubwa. Kikundi kikamwambia: tuonyeshe kwanza, siku arobaini, kwamba unajua franga zako zinakwenda wapi. Leo ndiyo siku ya arobaini. Leo kura ilikuwa ipigwe.

Sasa badala ya mlango angepata jina la mwizi, na Kilibula jina la namna hiyo halifutiki kwa sabuni.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu, na Délice hakuligundua kwa jinsi alivyochanganyikiwa. Mama Marie-Rose, prezidante wa kikundi, mwanamke ambaye kwa kawaida husema kwa niaba ya watu kumi, hakuwa ametamka neno. Alikuwa anajipepea tu kwa ncha ya kitenge, ijapokuwa upepo wa ziwa ulikuwa unavuma vizuri.

Aliyesimama ni Libérate, sekretere wa kikundi, mwalimu wa shule ya msingi.

"Bamama, tulieni. Délice anafungaka hesabu kila mangaribi. Tusome kaye yote. Tutaona siku gani hizi franga ziliingia."

"Hapana!" Délice aliruka, akaikumbatia kaye kifuani. "Kaye hapana!"

"Mumeona?" Noella aliangua kicheko.

Msomaji, usimlaumu. Kaye ile ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza kitu alichonunua, ya pili kiasi, na ya tatu aliiita "juu ya nini", yaani sababu. Ile ya tatu ilikuwa dawa aliyojitungia mwenyewe, maana aliona kuandika kiasi peke yake hakumzuii kitu. Huko aliandika ukweli mtupu, ule ambao mtu humwambia Mungu peke yake akiwa amefunga mlango. Na kati ya mistari ile kulikuwa na jina moja ambalo angekufa kwa aibu likisomwa.

Kwa hiyo alikuwa achague: aitwe mwizi, au aitwe mjinga.

Kwenye benchi la pembeni, mama yake, Mama Ernestine, mshika ufunguo wa pili, alikuwa ameshika lile fundo la kitenge ambamo hufunga ufunguo wake hata akiwa amelala.

"Bapatie, mwana wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Ukweli haukufanyi mubaya."

Délice aliishusha kaye kutoka kifuani. Akamkabidhi Libérate kaye, kisha akajifunika uso kwa viganja.

Libérate alisoma kama mtu anayesomea darasa la watoto wakaidi.

"Mandazi mbili, mia ine. Juu ya nini: sikuwa na njaa. Zilikuwa zinanukia."

Mtu mmoja alicheka.

"Mesh mupya za kichwa yangu, elfu saba. Juu ya nini: Noella aliweka mupya."

Watu watano wakacheka. Noella akagusa nywele zake bila kujua kama ametukanwa au amesifiwa.

"Sadaka, elfu moja. Juu ya nini: nilitaka kutia mia tano, lakini bibi ya pasta alikuwa ananiangalia."

Hapo uwanja ulilipuka. Mama mmoja alilala ubavu juu ya mkeka, akifuta machozi na kusema "hata minye, hata minye!" Aliyekuwa amefura kwa hasira dakika mbili zilizopita alijikuta anashika mbavu. Délice alichungulia kati ya vidole. Hakuelewa: walikuwa wanamcheka, lakini hakuna aliyekuwa akimchukia tena.

"Sukre ya Mama Marie-Rose, elfu mbili," Libérate aliendelea. "Siku ya ine ya hii wiki. Juu ya nini: alikuja kusuka, alinituma nimuletee. Niliporudi haiko ku kiti. Nilikunywa ile soda minye mwenyewe."

Kicheko kingine. Mama Marie-Rose hakucheka. Aliongeza kasi ya kujipepea.

Kisha likaja lile jina.

"Modeste, esanse ya petroli, elfu tano. Juu ya nini: ziwa limefungwa, hana kazi."

Modeste wote walimjua. Ni kijana fundi wa motere za mitumbwi kule Kalundu, mtoto wa kaka yake Mama Marie-Rose, na tangu uvuvi ulipofungwa kwa miezi mitatu hakuna motere inayoharibika, kwa hiyo hakuna fundi anayekula.

"Modeste, mega za simu, elfu mbili. Juu ya nini: alicheka."

"Alicheka?" Noella aliuliza.

"Iko imeandikwa hivyo," Libérate alisema. "Modeste, elfu tatu na mia tano. Juu ya nini: alicheka tena."

Aibu ilimshika Délice mpaka masikio yakawaka moto. Siku arobaini alikuwa ameificha siri hii. Kijana alikuwa na kicheko kimoja kizuri, chenye kishimo shavuni, na kila kilipotokea yeye alifungua sakoshi. Alijua. Aliandika. Na kesho yake alifungua tena.

Hicho ndicho kilichomtesa wiki nzima, maana tangu Jumanne Modeste alikuwa hacheki. Amenuna, anasalimia kwa mbali, hata maji ya kunywa haombi. Délice alishaamini kwamba kijana amepata sakoshi nyingine.

Libérate alisoma mpaka mwisho. Kila mangaribi hesabu ilikuwa sawa. Jana Jumamosi ilikuwa sawa. Leo asubuhi zimetoka mia tano za sadaka, basi.

"Donc hizi franga ziliingia leo," alisema akifunga kaye. "Kati ya kanisa na hapa."

"Na kisanduku iko hapa hapa," Noella akadakia. "Ni yeye njo alifika wa kwanza!"

Mambo yakageuka tena. Vicheko vikakatika. Délice aliona nyuso zikirudi kuwa ngumu, moja baada ya nyingine.

"Ngojeni," alisema Mama Domitille.

Alikuwa amefumba macho, vidole vyake vya mkono wa kulia vikigusa dole gumba kimoja kimoja, kama afanyavyo sokoni mteja akinunua vipimo vingi.

"Libérate, nisomee tena za Modeste. Za Modeste tu."

"Juu ya nini, mama?"

"Soma."

Libérate akasoma. Elfu tano. Mbili. Tatu na mia tano. Kumi, za dawa ya malaria. Ine. Sita. Moja. Munane.

"Tumefika elfu makumi tatu na tisa na mia tano," alisema Mama Domitille, macho bado kafumba. "Iko ingine?"

Libérate alipitisha kidole kwenye ukurasa wa mwisho.

"Iko moja. Elfu ine."

Mama Domitille alifumbua macho. "Arobaini na tatu na mia tano."

Safari hii hata Noella alikaa chini.

"Muntu hawezi kuiba franga zenye zinalingana na kaye yake," Mama Domitille alisema. "Huyu hakuiba. Huyu alilipwa. Mumuite Modeste!"

Noella, kwa kutaka kuonekana naye anasaidia, alitoa simu na kupiga. Simu ikaita. Ikaita vizuri kabisa, kwa wimbo wa kwaya, nyuma ya uzio wa matete, hatua nne kutoka walipokaa.

"Modeste!" wanawake ishirini na wawili waliita kwa pamoja.

Matete yalisogea. Kijana akaingia akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, shati la kanisani limejaa majani, uso wake kama wa mtu aliyekamatwa kwenye shamba la mihogo.

"Ulikuwa unafanya nini kule?" Libérate aliuliza.

"Nilikuwa nangojea kuona uso yake akifungua sakoshi," Modeste alisema akitazama miguu yake. "Sikujua batafungua bantu wote. Nikaogopa kutoka."

"Ni weye njo ulitia franga?"

"Ni minye. Ku mlango ya kanisa. Aliniambia nimushikie sakoshi asalimie mama pasta."

Délice aliikumbuka dakika ile. Alikuwa amefurahi sana kitu chake chochote kushikwa na Modeste, hata kama ni sakoshi, kiasi kwamba alimsalimia mama pasta mara mbili.

"Juu ya nini haukuniambia?" alimuuliza.

"Siku ya mbili ya hii wiki ulisahau kaye yako ku benchi. Nilifungua. Nilifikiri ni ya kliya, muteja wako. Nilikuta jina yangu mara kenda, Délice. Mara kenda!" Alikunja kofia. "Na pale pa 'juu ya nini' uliandika nilicheka. Nilisikia haya. Nikasema sitacheka tena mbele yako mpaka nikulipe yote."

"Njo maana ulikuwa umenuna?"

"Meno yenyewe yananiuma kwa kuyafunga."

Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na kishimo kikatokea shavuni. Délice aliufinya mkono wake mwenyewe usijipeleke kwenye sakoshi. Ndani ya moyo alikuwa na furaha ambayo hakuna safu ingeitosha. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu akaimba. Kama hadithi hii ingekuwa yangu peke yangu ningeishia hapa na kwenda kunywa chai.

Lakini Mama Domitille hakuwa amemaliza.

"Modeste, mwana wangu. Ziwa limefungwa. Hauna kazi. Arobaini na tatu na mia tano ulizitosha wapi?"

Kicheko cha Modeste kilizimika.

"Nilikopa."

"Kwa nani?"

Kijana alizungusha kofia mara moja, mara mbili.

"Kwa shangazi."

Vichwa vyote viligeuka kwa Mama Marie-Rose. Kile kitenge cha kujipepea kilikuwa kimesimama hewani.

"Nilitaka kurudisha mbele ya leo!" alipasuka. "Nilisema nitauza ndakala ya mwisho yenye iko mu gunia. Panya zilikula nusu! Nisameheni, bamama. Nilikuwa nangojea museme kitu ingine, nipate kusema hii."

"Na weye ulimuacha Délice aitwe mwizi?" Libérate aliuliza, na kila neno lilikuwa zito.

Mama Marie-Rose alianza kulia, machozi ya kweli, ya mtu mzima aliyekamatwa. Délice alitaka kumkasirikia akashindwa. Kitu kingine kilikuwa kimemjia kichwani. Alhamisi. Ile sukre.

"Ulinituma sukre," alisema polepole. "Ufunguo yangu ilikuwa ku musumari, juu nikisuka inachomaka bantu ku shingo. Niliporudi, kiti ilikuwa bure. Ulirudi unahema, kichwa nusu imesukwa, nusu imesimama, ukasema ulienda kuzima maharagi ku moto."

"Bote tulimuona!" mama mmoja alipiga ukelele. "Alipita anakimbia na ile nusu ya kichwa! Tulifikiri nyumba inaungua!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani, na Mama Marie-Rose mwenyewe, machozi mashavuni, alijikuta naye anacheka.

Hukumu ikatolewa palepale kwa kanuni za kikundi: faini elfu kumi, na kuanzia leo kisanduku kinahamia kwa Mama Domitille. Franga elfu arobaini na tatu na mia tano zilirudi ndani, wanawake wakakariri elfu mia nane na kumi na mbili kwa sauti, na Délice akabaki na zake elfu kumi na nane na mia mbili, sawa na kaye. Modeste sasa alidaiwa tena na Délice, na hilo ni la kwao wawili.

Kisha kura. Mikono ishirini na mmoja ikapanda. Noella aliitazama kaye, akatazama nywele zake, akainua na wa kwake.

"Lakini utaniuzishia ile kaye ingine ya namna hii," alinong'ona. "Na minye sijue zangu zinakwendaka wapi."

Mlango kando ya barabara ulikuwa wake! Délice alikaa chini kwenye mkeka, akacheka na kulia kwa pamoja bila kujali nani anamwona.

"Iko neno moja bado," alisema Mama Domitille.

Alikuwa amekipakata kisanduku chake kipya mapajani, kidole chake kikigonga kufuli ya kwanza, kisha ya pili.

"Kufuli ziko mbili."

Ufunguo wa kwanza ulichukuliwa kwenye msumari. Wa pili hauning'inizwi popote. Wa pili unalala ndani ya fundo la kitenge la mwanamke mmoja, na wote walimjua.

Délice aligeuka taratibu kuelekea benchi la pembeni.

"Mama?"

Mama Ernestine alikuwa ameshavaa kandambili zake. Lakini hakukimbia. Alisimama, akafungua fundo, akatoa ufunguo na kuuweka mezani mbele ya sekretere.

"Andika, Libérate," alisema. "Ernestine alifungua kufuli ya pili. Marie-Rose hakunidanganya. Nilijua franga zinaenda kwa Modeste, nilijua ni za nini, na nilifungua mwenyewe."

"Mama! Weye ulikuwa unaona bananiita mwizi na ulinyamaza?"

"Nilisema ubapatie kaye, juu nilijua kaye itakutosha mu hii aibu. Nilikuwa nimeisoma." Alimtazama binti yake, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na kama isingekutosha, ningesimama minye."

Libérate alikuwa ameinua kalamu. "Juu ya nini, mama? Niandike juu ya nini?"

Mama Ernestine alimtazama Modeste, kisha Délice.

"Huyu kijana alikuja kwangu siku ya tatu ya hii wiki. Alisema anataka kuleta barua ya kukuomba, lakini hawezi kuingia mu nyumba ya muntu na deni ya binti yake ku shingo. Nikamwambia alipe haraka. Haraka sana." Alishusha pumzi. "Juu baba yako alinipigia simu kutoka Lubarika. Mavuno ya mupunga iko muzuri, na yule jirani yake mwenye mashamba, Toussaint, amekuomba akuoe. Jumamosi, siku ya posho, bazee banakuja kuchukua jibu."

"Na baba alimwambia nini?"

"Alikubali ngombe mbili za mahari, Délice. Zimeshafungwa mu lupango yake."

Modeste aliangusha kofia.

Délice hakulia. Alikuwa amelia vya kutosha kwa siku moja. Alisogea mpaka mezani, akaichukua kaye yake mikononi mwa Libérate, akafungua ukurasa wa siku ya arobaini ambao ulikuwa haujafungwa, na mbele ya wanawake wote wa Tuinuke akaandika kwa herufi kubwa ili asije akajidanganya baadaye.

Moto ya pikipiki mpaka Lubarika, kwenda na kurudi: elfu kumi na nane.

Juu ya nini: kurudisha ngombe.